Hekalu Refu Kuliko Yote, kwa Kipimo cha Nani?

Kila mwongozaji wa watalii katika msitu wa Petén, kaskazini mwa Guatemala, ana jengo lake la kwanza kwa urefu. Wa Tikal atakuonyesha Hekalu la Nne. Wa El Mirador atacheka, akuambie hilo la Tikal ni mtoto tu. Ukivuka mpaka na kuingia jimbo la Chiapas, Meksiko, utakuta watu wa Toniná nao wana hesabu yao, yenye mita nyingi kuliko hizo zote. Hakuna anayesema uongo. Kila mmoja anaanzia kupima mahali pake.

Ndiyo maana orodha ya vinara wa miji ya kale ya Wamaya inahitaji msomaji mbishi kidogo. Miji hiyo imetawanyika Guatemala, Belize, kusini mwa Meksiko na magharibi mwa Honduras, mingi yake ikiwa imemezwa na msitu wa mvua kwa zaidi ya miaka elfu moja. Hapo juu mizizi, hapo chini ngazi. Kilima unachokipanda huku ukihema huenda ni ikulu ya mtu. Wamaya wenyewe, lakini, hawakutoweka kama vitabu vya zamani vilivyopenda kusema. Katika sensa ya Guatemala ya 2018, zaidi ya asilimia 40 ya raia walijitambulisha kuwa Wamaya, na lugha zao zaidi ya 20 zinazungumzwa nchini humo hadi leo. Walioondoka ni wafalme. Watu wapo, na bado wanapanda mahindi, zao lilelile ambalo Amerika iliwapa walimwengu na ambalo sisi tumeligeuza ugali.

Urefu

Tuanze na ugomvi wenyewe. Hekalu la Nne la Tikal lina mita 65 hivi. Lilijengwa karibu mwaka 741 B.K., enzi za mfalme Yik'in Chan K'awiil, na kilele chake bado kinatokeza juu ya miti mirefu ya Petén. Ubavuni pamewekwa ngazi za mbao ili wageni wapande bila kuyala mawe kwa viatu vyao. Ukifika juu, utaona mandhari ambayo mamilioni ya watu waliiona mwaka 1977 bila kujua ni Guatemala: filamu ya kwanza ya Star Wars ilipiga picha kutoka hapo na kuifanya kuwa sayari ya mbali. Hekalu la Kwanza, lenye mita 47, ndilo linalouzwa zaidi kwenye postikadi, lakini halipandwi tena. Ngazi zake zina mwinamo mkali, na watalii waliwahi kuporomoka na kupoteza maisha. Chini yake alizikwa Jasaw Chan K'awiil, baba yake Yik'in, mtu aliyeiondolea Tikal aibu ya zaidi ya karne moja alipowapiga mahasimu wao wa Calakmul mwaka 695.

Sasa El Mirador. Jengo lao liitwalo La Danta lina mita 72, na lilijengwa karne nyingi kabla ya mahekalu makubwa ya Tikal. Hapo mita saba zimekwisha kupita. Lakini La Danta ni majukwaa makubwa yaliyopandana, moja juu ya jingine, na piramidi iliyokaa juu kabisa ni ndogo ukiilinganisha na yote yaliyo chini yake. Mita 72 unazipata ukianzia kwenye sakafu ya msitu, nje kabisa ya jukwaa la kwanza. Toniná nao hutaja mita 75, na kitovu cha mji wao kimepangwa kwa matabaka saba kwenye mteremko. Wanaakiolojia wamebishana ni kiasi gani cha mwinuko huo kilifanywa na mikono ya watu na ni kiasi gani kilikuwa kilima tangu mwanzo.

Ukiniuliza mimi, naipa Tikal ushindi. Mtu akisema "jengo refu" namwelewa kuwa anasema juu ya kitu kimoja kilichosimama kutoka chini hadi kwenye paa, na kwa maana hiyo Hekalu la Nne halina mpinzani msituni. Lakini sitagombana na mtu wa La Danta, hasa akiwa ametembea siku mbili kufika pale.

Belize wao hawadai ushindi wa jumla. Wanachosema ni kwamba Caana, kasri lililo katikati ya mji wa Caracol, lenye mita 43 hivi, bado ni miongoni mwa majengo marefu zaidi nchini mwao. Hilo nalo ni jambo: wajenzi wa karne ya saba, bila chuma, bila gurudumu la kubebea mzigo, bila ng'ombe wala punda, na wazao wa leo wenye kreni na saruji hawajawaacha mbali.

Ukubwa

Katika ukubwa La Danta ina hoja nzito zaidi. Ujazo wake unakadiriwa kuwa mita za ujazo milioni 2.8, ukiizidi kidogo Piramidi Kuu ya Giza yenye milioni 2.6. Kutoka hapo maneno huruka: utasoma kwamba La Danta ndiyo piramidi kubwa kuliko zote duniani. Siyo. Ile ya Cholula, katikati mwa Meksiko, inaifunika kwa ujazo, na Wahispania walipofika walijenga kanisa juu yake. Cholula, hata hivyo, haiko msituni, kwa hiyo kwa orodha yetu tunaweza kuiacha ikae na kanisa lake.

Mwaka 2020 likaja jambo lililowanyamazisha wote. Timu iliyoongozwa na Takeshi Inomata na Daniela Triadan ilitangaza katika jarida la Nature habari za mahali paitwapo Aguada Fénix, jimbo la Tabasco, Meksiko. Walikuta jukwaa la udongo lenye urefu wa mita 1,413, upana wa karibu mita 400, na kimo cha kati ya mita 10 na 15. Lilijengwa kati ya mwaka 1000 na 800 K.K. Kwa ujazo linaizidi La Danta, na kwa umri linaitangulia kwa karne nyingi. Ni ujenzi mkubwa kuliko wote wa Wamaya tunaoujua, na pia wa zamani kuliko yote ya ukubwa wa namna hiyo.

Na watu walikuwa wakiishi juu yake. Ni refu na pana mno kiasi kwamba aliyesimama pale huliona kama uwanda wa kawaida. Ng'ombe wanalisha, wakulima wanapita. Hadi miale ya leza iliyorushwa kutoka kwenye ndege ilipochora umbo lake, hakuna aliyelijua kuwa ni jengo. Kinachonivutia zaidi ni kile ambacho hakikupatikana. Pale Aguada Fénix hapakuonekana sanamu za wafalme wala makasri ya wakubwa. Inomata na wenzake wanaona kwamba kazi ile huenda ilifanywa na jamii ambayo bado haikuwa na mabwana wakubwa wa kuiamrisha, watu waliokuja pamoja, wakabeba udongo kwa vikapu, wakarudi makwao. Tulizoea kufundishwa kwamba mnara mkubwa unahitaji mfalme mkubwa. Huku kubwa kuliko yote ndilo lisilokuwa na jina la mtu.

Kwa mtalii, Aguada Fénix haifai kitu. Utaona nyasi.

Kongwe na za mwisho

San Bartolo, Guatemala, ina rekodi ya ukongwe iliyopatikana kwa sababu ya jua kali. Mwaka 2001 mtafiti William Saturno, akiwa amechoka na kutafuta kivuli, aliingia katika handaki lililochimbwa na wezi wa vitu vya kale chini ya piramidi. Alipowasha tochi, ukuta mbele yake ulikuwa na michoro ya rangi yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000, ikisimulia mungu wa mahindi na kuzaliwa kwa dunia. Mwaka 2022 watafiti wakatangaza vipande vya plasta kutoka hapohapo vyenye tarehe ya kalenda ya Wamaya, "Paa Saba", iliyoandikwa kati ya mwaka 300 na 200 K.K. Ndiyo alama ya kalenda ya zamani kuliko zote iliyopatikana kwa Wamaya.

Michoro iliyohifadhika vizuri kuliko yote ni mingine kabisa: ipo Bonampak, Chiapas, ya karibu mwaka 790, vyumba vitatu vyenye tarumbeta, wacheza ngoma, mateka wanaotokwa damu vidoleni. Walakandoni, Wamaya wanaoishi katika msitu ule, walikuwa wanapajua muda wote. Dunia ilijulishwa mwaka 1946 pale walipompeleka Giles Healey, mpiga picha Mmarekani, na vitabu vingi vikaandika kwamba "aligundua".

Kwenye nguzo za mawe zilizochongwa, zile ziitwazo stela, ya Tikal yenye namba 29 ina tarehe ya mwaka 292 B.K., ya kwanza kujulikana kwa hakika katika nyanda za chini za Wamaya kwa ile hesabu yao ndefu ya siku. Ya mwisho ipo Toniná, mwaka 909. Katikati ya miaka hiyo 600 na ushei kuna wafalme, vita, harusi za kisiasa, na ukame ulioisaidia miji kufa.

Lakini ufalme wa mwisho wa Wamaya haukuanguka mwaka 909. Ulianguka tarehe 13 Machi 1697, pale Wahispania walipoivamia Nojpetén, mji wa kabila la Itza uliokuwa kisiwani katika ziwa la Petén Itzá. Wakati huo Wahispania walikuwa wametawala Meksiko kwa zaidi ya karne moja na nusu, na chuo kikuu cha Harvard kilikuwa tayari na miaka sitini. Kisiwa hicho leo kinaitwa Flores, na ndiko wanakolala watalii wengi wa Tikal. Wanakula samaki, wanapiga picha za machweo, na wengi hawajui kwamba wamelala juu ya mji mkuu wa mwisho.

Jiwe refu na maandishi marefu

Hapa ndipo rekodi mbili zinapogeuka kuwa kisa kimoja, na kisa hicho kinastahili kusimuliwa polepole.

Copán iko Honduras, karibu na mpaka wa Guatemala, katika bonde la mto lenye kasuku wakubwa wekundu. Mwaka 1839 Mmarekani John Lloyd Stephens alifika pale na mchoraji Mwingereza Frederick Catherwood, na kwa maelezo yake mwenyewe alimlipa mwenye shamba dola 50 ili awe na haki ya magofu yote. Kitabu chake cha 1841 pamoja na michoro ya Catherwood ndivyo vilivyowafanya Wazungu wakubali kwamba watu wa Amerika walikuwa na miji yenye sanaa kubwa.

Copán ilikuwa mji wa wachongaji. Mfalme wake wa 13, Waxaklajuun Ubaah K'awiil, alijaza uwanja kwa stela zenye sura yake, zimechongwa kwa kina hadi karibu zisimame kama sanamu kamili. Chini yake kulikuwa na mji mdogo uitwao Quiriguá, bondeni kaskazini, uliomtii. Mwaka 738 mtawala wa Quiriguá, K'ak' Tiliw Chan Yopaat, ambaye Copán yenyewe ilikuwa imemweka madarakani, alimkamata bwana wake na kumkata kichwa.

Baada ya hapo Quiriguá ikaanza kusimamisha mawe. Wakashindana na Copán kwa njia pekee waliyoona inatosha, yaani ukubwa. Stela E, iliyosimamishwa mwaka 771, ina urefu wa mita 10.6, takriban mita tatu zikiwa zimefukiwa ardhini. Ndilo jiwe refu kuliko yote yaliyochongwa na Wamaya, nalo ni kipande kimoja cha jiwe la mchanga kilichoburutwa na watu. Picha ya K'ak' Tiliw imo pande zote mbili. Kwa mji wa ukubwa ule ni majivuno ya kupita kiasi, na ndiyo maana nalipenda. Leo Quiriguá ni kichaka kidogo cha miti kilichozungukwa na mashamba ya migomba. Kampuni ya ndizi ya Marekani, United Fruit, ndiyo iliyokuwa na ardhi ile na kuacha kipande hicho cha msitu kisikatwe. Wageni ni wachache. Unaweza kusimama chini ya jiwe refu kuliko yote la Wamaya ukiwa peke yako na mbu.

Na Copán? Kwa miaka kadhaa hawakujenga chochote cha maana. Kisha mfalme wa 15 akajibu, na jibu lake halikuwa jiwe refu. Alipanua ngazi ya hekalu na kuiandika yote: zaidi ya ngazi 60, zenye alama za maandishi zaidi ya 2,000, zikisimulia ukoo mzima wa wafalme wa Copán tangu mwanzilishi. Ndiyo maandishi marefu kuliko yote ya Wamaya wa kale. Yule aliyekatwa kichwa anatajwa humo kwa heshima kubwa.

Bahati mbaya ngazi ile iliporomoka. Ilipojengwa upya katika miaka ya 1930, hakuna aliyekuwa akiweza kusoma maandishi hayo, kwa hiyo mawe mengi yalirudishwa bila mpangilio. Ngazi za chini tu, kama 15 hivi, ndizo zilizobaki mahali pake. Kwa hiyo kitabu kirefu kuliko vyote cha Wamaya kipo, kimefunikwa na turubai kubwa kuzuia mvua, na kurasa zake zimechanganywa. Wataalamu wa maandishi bado wanazipanga.

Aliyekaa kitini muda mrefu

Palenque, Chiapas, ndipo penye mfalme wa rekodi. K'inich Janaab' Pakal alitawazwa mwaka 615 akiwa na miaka 12, akafa mwaka 683. Miaka 68. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kipimo kipo karibu: Malkia Elizabeth wa Pili, aliyepata habari za kifo cha babake akiwa Kenya mwezi Februari 1952, alitawala miaka 70. Na mwaka huohuo wa 1952, miezi minne baadaye, ndipo Pakal alipoonekana tena.

Mwanaakiolojia wa Meksiko Alberto Ruz Lhuillier alikuwa ameliona bamba la sakafu juu ya Hekalu la Maandishi likiwa na matundu yenye vizibo vya mawe. Sakafu gani inahitaji matundu? Akaliinua, akakuta ngazi zilizojazwa vifusi makusudi. Ilimchukua misimu minne kuzizoa. Chini, mlango wa jiwe la pembetatu, kisha chumba, kisha jeneza kubwa la jiwe lenye kifuniko cha urefu wa zaidi ya mita tatu na nusu, uzito wake ukiwa tani kadhaa. Ndani mlikuwa na mifupa ya mtu aliyevalishwa jade, na uso wake umefunikwa kwa kinyago cha jade. Kabla ya hapo wengi waliamini kwamba piramidi za Amerika, tofauti na za Misri, hazikuwa makaburi.

Kinyago hicho kina rekodi ya pili, ya aibu. Usiku wa Krismasi mwaka 1985 kiliibwa pamoja na vitu vingine zaidi ya mia kutoka jumba la makumbusho la taifa la anthropolojia mjini Mexico. Walinzi walikuwa kwenye sherehe. Kilipatikana mwaka 1989. Na kifuniko cha jeneza kina rekodi ya uvumi: tangu mwaka 1968 mwandishi wa Uswisi Erich von Däniken alipodai kwamba mchoro wake unaonyesha rubani wa chombo cha angani, haijapita siku bila mtu fulani kuamini hivyo. Wanaosoma maandishi ya Wamaya wanaona mfalme anayekufa na kuzaliwa upya kama mahindi, mti wa dunia ukiota juu yake.

Waliogundua wakiwa wamekaa

Wagunduzi wa kwanza wa miji hii hawakuwa maprofesa. Walikuwa wagema utomvu. Mti uitwao sapodila, ambao mbao zake ngumu Wamaya walizitumia kwenye vizingiti vya milango ya mahekalu, hutoa utomvu mweupe uliokuwa ukitengenezewa chingamu, au bigijii kama tulivyozoea kuiita wengine. Wagema walizunguka msituni miezi kwa miezi na walijua kila kilima. Hata Calakmul, hasimu mkubwa wa Tikal na mji wenye stela nyingi kuliko mingine, zaidi ya 100, ulitangazwa baada ya mwanabotania Cyrus Lundell, aliyekuwa akifanya kazi na kampuni ya utomvu huo, kuuona kutoka kwenye ndege mwaka 1931.

Leo kazi hiyo inafanywa na lida, yaani leza inayopigwa kutoka angani na kupenya majani. Arlen na Diane Chase, wanandoa waliochimba Caracol kwa miongo kadhaa, waliipima kwa njia hiyo mwaka 2009, na kwa siku chache wakapata ramani ya kilomita za mraba 200, kubwa mara nyingi kuliko waliyoichora kwa miguu kwa miaka 25. Mwaka 2018 kikundi kingine kilichapisha katika jarida la Science matokeo ya kilomita za mraba 2,144 za Petén: majengo 61,480, na makadirio ya watu milioni 7 hadi 11 katika nyanda hizo karne ya saba na ya nane. Ule msitu tunaouita "pori lisiloguswa" ulikuwa mashamba, barabara na nyumba za jirani kwa jirani.

Lakini rekodi ya ugunduzi wa kivivu ni ya Luke Auld-Thomas, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamivu Marekani. Alikuwa akipekua Google, akafika ukurasa wa 16 hivi, mahali ambapo watu wenye akili timamu hawafiki, akakuta data ya leza iliyokusanywa mwaka 2013 na shirika la Meksiko kwa ajili ya kupima kaboni ya msitu. Aliyeikusanya alitaka kuhesabu miti. Auld-Thomas akatazama chini ya miti. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2024, yalikuwa majengo 6,764 jimboni Campeche, ukiwemo mji mzima wenye piramidi na uwanja wa mpira, uliopewa jina Valeriana. Haukuwa umejificha mbali: upo karibu na barabara kuu, na wakulima wa pale walikuwa wakilima kati ya magofu.

Jihadhari tu na rekodi zinazokuja haraka mno. Mwaka 2016 magazeti ya dunia yalishangilia kijana wa Kanada aliyedai kuupata mji wa Wamaya kwa kulinganisha nyota na picha za setilaiti. Wataalamu walipotazama picha zilezile waliona shamba la mahindi lililoachwa.

Za harakaharaka

Barabara ndefu kuliko zote za Wamaya ilitoka Cobá hadi Yaxuná, rasi ya Yucatán: kilomita 100, imeinuliwa kwa mawe na kupakwa chokaa nyeupe. Mji uliokaliwa muda mrefu zaidi bila kukatika pengine ni Lamanai, Belize. Miaka 3,000 hivi, kiasi kwamba humo kuna mahekalu, makanisa ya Wahispania na kiwanda cha sukari cha karne ya 19, vyote vimekuwa magofu pamoja. Njia nzuri ya kufika ni kwa mashua, kuupanda mto New River.

Kelele kubwa kuliko zote haitoki kwa watu. Tumbili wangurumaji wa Tikal huhesabiwa miongoni mwa wanyama wa nchi kavu wenye sauti kubwa zaidi, wakisikika umbali wa kilomita kama tano. Mgeni anayeamshwa nao alfajiri huapa kwamba ni chui.

Na hii ya maji ningeipa nafasi kubwa zaidi kama ningekuwa mhandisi. Tikal haina mto. Watu makumi ya maelfu waliishi kwa mvua iliyokingwa katika mabwawa. Mwaka 2020 watafiti wa chuo kikuu cha Cincinnati walionyesha kwamba bwawa moja, Corriental, lilikuwa na chujio la mchanga wa kwatzi na madini ya zeolaiti yaliyoletwa kutoka umbali wa kilomita kama 30, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Ni chujio la zeolaiti la zamani kuliko yote yanayojulikana duniani. Mwaka huohuo uchunguzi mwingine ukaonyesha kwamba mabwawa yaliyo karibu na ikulu yalikuwa na zebaki, kutoka kwenye rangi nyekundu iliyopakwa majengo, na vijidudu vyenye sumu. Kwa hiyo maji mabaya kuliko yote mjini yalikuwa ya wakubwa.

Ngumu kuliko zote kufika

Nje ya nchi za Wamaya, mshindani mkubwa ni Ciudad Perdida, Kolombia, kwenye milima ya Sierra Nevada de Santa Marta. Watu wa Tayrona waliijenga tangu karibu mwaka 800 B.K. Unatembea, unavuka mito, kisha mwishoni unapanda ngazi za mawe kama 1,200 zenye utelezi. Safari ya kwenda na kurudi ni siku nne au zaidi. Kila Septemba hufungwa ili wenyeji, wazao wa wajenzi wake, wafanye ibada zao bila wageni, utaratibu ambao ningependa kuuona katika maeneo mengi zaidi ya kale.

Kwa Wamaya, jibu ni El Mirador. Barabara inaishia kijiji cha Carmelita, kilichoanzishwa na wagema utomvu. Kutoka hapo ni zaidi ya kilomita 40 kwa miguu, siku mbili kwenda na mbili kurudi, mizigo ikibebwa na baghala. Hakuna duka wala umeme, na kupe wapo wa kutosha. Wenye fedha huruka kwa helikopta kutoka Flores na kurudi siku hiyohiyo; watakuwa wameiona La Danta, lakini hawatakuwa wamepita juu ya barabara za kale ambazo bado zinaonekana zikielekea mjini, zimeinuka juu ya kinamasi, mita kwa mita.

Kama una siku tatu tu, nenda Tikal, ulale Flores, uingie hifadhini alfajiri kabla ya mabasi. Kama una wiki nzima na magoti yanayokusikia, nenda El Mirador kati ya Februari na Aprili, mvua zikiwa hazijageuza njia kuwa tope la magotini, na ufanye mpango na ushirika wa wanakijiji wa Carmelita ili fedha ibaki hapo. Beba kadi yako ya chanjo ya homa ya manjano. Huulizwa wanaotoka katika nchi zenye ugonjwa huo. Na usinunue kipande chochote cha chungu wala jade unachoambiwa ni cha kale. Kama ni bandia, umeibiwa. Kama ni cha kweli, mmeiba wawili.